Ilikokwenda Hadubini Namba Nane

Mgeni rasmi, Mkuu wa Idara ya Afya. Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu. Viongozi mlioketi meza kuu. Wafanyakazi wenzetu, nanyi wagonjwa mliokubali kutungoja asubuhi hii: tunawasalimu kwa heshima.

Kukukaribisha

Sisi wafanyakazi wa maabara tunakukaribisha katika chumba hiki chenye dirisha moja kubwa na meza za saruji zilizopauka kwa dawa. Umekuja kutukabidhi hadubini sita mpya, zenye taa ndani na skrini ambayo watu watano wanaweza kuitazama kwa pamoja bila kugombea tundu. Tumezijaribu tangu Jumatatu. Ni nzuri. Aliyezoea kuinama tangu asubuhi na kunyanyuka alasiri akiwa na shingo ya kobe anajua tuna maana gani tunaposema asante. Tunaisema mwanzo kabisa, ili yatakayofuata yasije yakasikika kama masimango.

Tulikotoka

Maabara hii ilianza na hadubini kumi na nne za chuma, nyeusi, kila moja katika sanduku lake la mbao lenye namba ya shaba mlangoni. Hazina waya. Chini yake kila moja ina kioo kidogo cha kugeuzageuza, ambacho huupokea mwanga wa dirishani na kuupandisha hadi kwenye tone la damu. Umeme ukikatika, zenyewe hazina habari. Kuna mwaka umeme ulikatika siku kumi na moja, na hospitali mbili kubwa kuliko hii zikawa zinaleta sampuli zao kwetu.

Aliyezitunza kwa miaka thelathini na mitatu ni mtaalamu wetu mwandamizi. Jina lake limo kwenye faili. Sisi tunamwita Shangazi, kwa sababu ana moyo wa shangazi na ulimi wa shangazi. Kila anayeanza kazi hapa hukaa kwake siku kumi, na somo la kwanza ni kutofumba jicho la pili.

“Ukilifumba utachoka kabla ya mgonjwa wa kumi,” husema. “Liache wazi, lizoee kukaa bila kazi. Na kioo usikielekeze juani, jua litakupofua. Kielekeze kwenye ukuta mweupe.”

Mgeni rasmi, Shangazi alitukataza kumtaja katika risala hii. Yumo humu, kiti cha mwisho karibu na sinki. Tunamwomba radhi mbele yako, na tunaendelea.

Tuliyoyafanya

Tungeweza kukusomea takwimu za miaka yote hiyo, lakini zimo kwenye taarifa uliyopewa mlangoni. Tuseme hili tu: katika mji huu ni wachache ambao damu yao, au ya mzazi wao, haikupita chini ya mojawapo ya hadubini zile. Kila Ijumaa Shangazi alizifuta lenzi kwa karatasi laini, akazifunika, akaweka punje za kunyonya unyevu sandukuni ili kuvu isiote. Hata hivyo tatu zimeota kuvu. Tunasema ukweli: hizo tatu hazitaona tena, zinafaa kutolewa skrubu na vioo vya kuzitibu nyingine. Kumi na moja zinaona kama zilivyoona siku ya kwanza.

Yaliyotufika

Mwaka jana tulipata waraka kwamba vifaa vyote vya zamani vifutwe kwenye daftari, vikusanywe stoo, kisha vivunjwe mbele ya mashahidi. Waraka una saini yako. Hatuusomi kwa kukulaumu. Kifaa kibovu kikitoka ovyo kitatoa majibu ya uongo, na majibu ya uongo huua. Hilo tunalijua kuliko wengi. Shangazi naye alilijua, ndiyo maana hakubisha. Aliandika barua kuomba hadubini zilizo nzima zitafutiwe mahali pengine. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu aliipeleka kwa mkono, akaambiwa aiache kwa mpokea wageni.

Wakati huohuo akawa anapokea slaidi kutoka mlimani.

Huko juu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka barabara inapoishia, kuna zahanati ya vyumba viwili. Umeme haujafika. Wana paneli moja ya jua, nayo ni ya friji ya chanjo tu. Muuguzi wa pale alijifunza kwetu, ni miongoni mwa waliokaa siku kumi kwa Shangazi. Msimu wa mvua uliopita alikuwa na wajawazito waliokuja na homa kali. Homa inapanda siku mbili tatu, inaondoka, mtu anarudi shambani. Baada ya wiki inarudi na nguvu mpya. Kila mara alipima malaria kwa kipimo cha haraka, na kila mara kipimo kilisema hakuna. Wa kwanza mimba ilitoka. Wa pili mimba ilitoka. Wa tatu alikufa yeye pamoja na mtoto aliye tumboni.

Muuguzi alikuwa akipaka damu kwenye slaidi na kuziteremsha kwetu kwa mkono wa yeyote anayeshuka sokoni. Zilifika zimekwaruzwa, nyingine inzi wamelamba damu yote kikabaki kioo kitupu. Siku moja alishuka mwenyewe, slaidi sita kwenye bati la biskuti. Shangazi alizitazama moja baada ya nyingine, nasi tumesimama nyuma yake.

“Huyu ulimtoa damu lini?” akauliza.

“Alhamisi. Homa ilikuwa imeshuka, ndipo akapata nguvu za kuja.”

“Ikishuka huoni kitu, mwanangu. Mdudu ninayemshuku huwa anajificha. Inabidi utoe damu homa ikiwa juu, na utazame palepale.”

“Nitazame kwa kitu gani, Shangazi? Kwa macho yangu haya?”

Shangazi alifunika bati, akamrudishia. Muuguzi akasema polepole kwamba kuna mwingine, mimba ya miezi saba, homa ya kwanza imempita wiki hii.

Jumamosi, Shangazi alifungua stoo kwa ufunguo wa akiba unaokaa kwake kwa cheo chake. Alichukua hadubini namba nane. Hakuiba, Mgeni rasmi, kama neno hilo limekufikia. Mwizi haandiki. Yeye aliandika kwenye daftari la kutoa vifaa, kwa mwandiko wake uleule wa kuinamia kulia: “Nimeichukua namba nane. Nimeipeleka zahanati ya mlimani. Nitawajibika mimi.” Akatia saini na saa.

Lori la mbao lilimfikisha mwisho wa barabara. Kutoka hapo alilifunga sanduku mgongoni kwa khanga, kama anavyobebwa mtoto, akapanda. Ana miaka hamsini na tisa na goti moja halikunji sawasawa. Njiani mama mmoja aliyeteremka na kuni alimsalimia, akachungulia mgongoni.

“Mbona mtulivu hivyo, halii?”

“Huyu hali wala halii,” Shangazi akamwambia. “Kazi yake kutazama tu.”

Alikaa mlimani siku tatu kwa likizo yake mwenyewe. Siku ya tatu asubuhi yule mjamzito aliletwa na mumewe, anatetemeka, macho mekundu. Muuguzi alimchoma kidole. Shangazi aliiweka hadubini dirishani, akageuza kioo kuelekea ukuta wa darasa la shule ya jirani uliopakwa chokaa, akainama, macho yote mawili wazi.

Haya tuliyasikia kwa muuguzi, si kwa Shangazi. Anasema Shangazi aliisogeza slaidi huku na huku, kisha akanyanyuka na kumwachia kiti.

“Tazama mwenyewe. Nisikuambie.”

Muuguzi alitazama. Chembe za damu zilikuwa zimetulia kama dengu kwenye sinia, lakini hapa na pale moja ilisukumwa, ikayumba, bila kuonekana inasukumwa na nini. Alipokaza macho ndipo akauona: uzi mwembamba uliojisokota, unapapatika kati ya chembe. Kisha wa pili. Kisha akaacha kuhesabu.

“Homa ya papasi,” Shangazi akasema. “Papasi ni kupe wanaokaa kwenye nyufa za sakafu na kuta. Wanamuuma mtu akiwa amelala, wanarudi ufani. Dawa yake unayo kabatini. Umekuwa nayo siku zote.”

Muuguzi akabaki na mikono mapajani.

“Watatu wale, Shangazi,” akasema. “Niliwapa vidonge vya maumivu nikawarudisha nyumbani.”

“Ungewaonaje na huna jicho? Inuka. Huyu yupo.”

Walimpa dawa. Dawa hiyo mwanzoni humtikisa mgonjwa vibaya, nao walikaa naye pande mbili za kitanda, mmoja na maji, mmoja ameshika mapigo, mpaka jasho likamtoka na joto likashuka. Wiki saba baadaye alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu kasoro robo. Tangu hapo muuguzi amewaona wagonjwa kumi na tisa kwa hadubini namba nane, wanne wao wajawazito. Hakuna aliyezikwa. Wenyeji wamezikandika upya kuta na sakafu za nyumba zao, na papasi wanakosa pa kujificha.

Huku chini mambo yalikwenda vingine. Mtunza stoo wetu ni mtu wa daftari. Kalamu ikipotea hapa hatulali. Alipohesabu akakuta masanduku kumi na matatu, na lile daftari limejazwa. Alimsubiri Shangazi mlangoni aliporudi.

“Shangazi, vile vitu vimeshafutwa. Kitu kikishafutwa ni maiti. Maiti hatolewi bila kibali.”

“Basi andika kwamba nilikwenda kumzika,” Shangazi akasema, “lakini kaburini akafumbua macho.”

Mtunza stoo hakucheka. Aliandika taarifa, kama kazi yake inavyomtaka. Wiki mbili baadaye Shangazi akapewa barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kutoa mali ya hospitali bila kibali. Amebakiza miezi miwili astaafu. Tangu siku hiyo anakuja kazini mapema kuliko wote na hazungumzi sana. Ameanza kubeba vitu vyake nyumbani kidogokidogo: kikombe, kandambili za kuvalia ndani, kitambaa cha kichwa. Anachukua kimoja kwa siku, tusitambue. Tunatambua.

Tunachokiomba

Mgeni rasmi, hadubini zilizo stoo zimepangiwa kuvunjwa Alhamisi hii. Nyundo imeshaletwa, imeegemezwa nyuma ya mlango.

Tunaomba usimamishe kazi hiyo. Hatuombi zirudi humu; nafasi yake imeshapata mwenyewe. Tunaomba kumi zilizo nzima zipelekwe kwenye zahanati zisizo na umeme, na sisi wenyewe tutazipima kwanza moja moja, tuziandikie vyeti, tuzifikishe, na kila miezi mitatu twende kukagua kama bado zinasema kweli. Tumegawana zamu tayari. Karatasi imebandikwa kwenye kabati la rangi za slaidi, unaweza kuiona ukitoka. Zile tatu za kuvu zibaki kwetu ziwe vipuri. Zahanati tano zimetuandikia kuomba. Ya mlimani imeandika kuomba isinyang'anywe.

Na kuna ombi la pili, ambalo hatukujua tuliweke wapi.

Barua ya kujieleza ilitumwa kwa mtu mmoja. Juzi tuliketi humu baada ya kazi tukaijibu. Tumeandika kwamba tulikuwepo Shangazi alipozitazama zile slaidi sita. Kwamba sote tulijua hadubini nzima zimelala stoo, na sote tukanyamaza. Na kwamba yeye alifanya peke yake kilichotupasa kukifanya wengi. Tumeomba kama kuna adhabu, igawanywe kwa wote kwa usawa, na yeye aachwe astaafu kwa heshima anayoistahili.

Tulipomaliza kutia saini tulikuwa kumi na mmoja. Karatasi ilipokuwa inawekwa kwenye bahasha mtunza stoo akaingia. Akaisoma yote akiwa amesimama, mara mbili, kama anavyosoma kila kitu. Akasema taarifa yake ilikuwa ya kweli na hatabadilisha hata nukta. Kisha akatoa kalamu yake mfukoni, akatia saini ya kumi na mbili, na kando ya jina lake akaandika cheo chake.

Majibu hayo yamo kwenye bahasha ya kaki tunayokukabidhi pamoja na risala hii. Shangazi hajayaona. Anayasikia sasa hivi.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa watu wako, akupe afya katika kazi uliyobebeshwa, na awafariji wa nyumba zile tatu zilizopoteza wapendwa wao huko mlimani kabla hatujaamka. Na kwenye daftari la stoo, ambako mbele ya namba nane pameachwa wazi ili uongozi ujaze kifaa kiliko, sisi tunaomba utuandikie maneno mawili tu: kiko kazini.

Ni sisi wako watiifu,
Wafanyakazi wa Maabara, pamoja na Mtunza Stoo.