Kaka Yetu, Mzee wa Kuku wa Zamu

Ndugu, majirani na nyote mliofika, marehemu aliomba wasifu wake uwe mfupi. Alisema watu wanaokuja mazikoni wamechoka tayari, wasichoshwe zaidi. Na kweli tumechoka. Basi nitakwenda haraka, ila nikifika kwenye habari ya kuku mtanivumilia. Hapo ndipo jina lake lilipochafuliwa, na litasafishwa leo kabla udongo haujamfunika.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, kifungua mimba wa mama yetu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala aliyekuwa baba yetu. Tulizaliwa watano. Mama alituacha tungali wadogo, tukalelewa na shangazi, dada wa baba. Ndiye yule pale mbele, aliyeletewa mkeka akaukataa, akataka kiti.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1970. Alikuwa mtoto wa maswali mpaka walimu wakawa wanajifanya hawamwoni. Siku moja shangazi alifungua mkoba wake wa shule akakuta ndege mfu, amefungwa vizuri katika kitambaa cha kichwa cha shangazi mwenyewe.

"Nini hiki?"

"Nataka kujua kafa na nini."

"Utajua wewe utakufa na nini, kitambaa changu kisiporudi cheupe."

Alikifua. Swali la ndege hakuliacha. Alimaliza sekondari mwaka 1981, akaingia chuo kikuu, na mwaka 1988 akaajiriwa katika kituo cha utafiti, idara ya virusi vinavyoenezwa na mbu. Akaja kuwa mkuu wa idara hiyo, na kituoni alikaa mpaka figo zilipomtoa.

Kazi yake wengi hamkuielewa. Mimi niliyeishia shule ya msingi alinieleza mezani kwa vizibo vya chupa. Kizibo hiki ndege, hiki mbu, hiki mtu. Kipo kirusi kinachokaa kwenye damu ya ndege. Mbu akimuuma ndege yule, kisha akamuuma mtu, mtu anaweza kushikwa na homa. Wengi hupona bila hata kujua walichougua. Wachache kinawapanda kichwani, na baadhi yao hawaamki. Kwa hiyo ukisubiri watu waugue umeshachelewa, inabidi uwaulize ndege kwanza. Na kwa kuwa ndege wa porini hawakai wakaulizwa, waliwekwa kuku kwenye mabanda ya wavu wa waya ukingoni mwa kinamasi. Mbu anawauma. Kuku hawaugui, lakini damu yao inakumbuka kirusi kilichoipitia. Kila Jumatatu asubuhi kaka alikuja na kisanduku chake, akawapangusa kwa pamba chini ya bawa, akachukua damu kidogo, akapeleka maabara. Aliwaita kuku wa zamu, kwa kuwa wanatulinda. Nyinyi mkamwita yeye Mzee wa Kuku, na mliokuwa mkimuuliza wataiva lini, mpo hapa, nawaona.

Tarehe 12 Desemba 1992 alimuoa wifi yetu, mshonaji wa sare za shule. Ndoa haijatimiza mwaka, jokofu la maabara likaharibika, bwana akaleta nyumbani kunguru wafu wamefungwa mifuko juu ya mifuko. Wifi alisimama mlangoni, futikamba shingoni, akamwambia achague, kunguru au yeye. Kaka akafikiri, maana alikuwa mtu wa kufikiri hata pasipohitajika, kisha akasema, "Kunguru wanaondoka Jumatano." Wifi alibaki. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa habari yenyewe. Mwaka 2009 mvua zilinyesha kupita kiasi. Banda lililotegemewa kuliko yote lilikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi, maana kinamasi kinaanzia pale uani kwake, na yeye ndiye aliyewapa kuku maji na pumba. Jumatatu zote za mvua zile, damu yao ilitoka safi. Kaka akaandika kwamba kirusi hakijafika. Idara ya afya ikasoma, ikaahirisha kunyunyiza dawa. Kisha watu wakaanza kulazwa na homa, na fundi matofali wa mtaa wa chini, baba wa watoto watatu, hakuamka.

Kaka alichanganyikiwa. Jioni moja, siku isiyo yake, alikwenda bandani kuangalia. Akakuta kuku wamelala chini ya chandarua cheupe, kimechomekwa pembeni vizuri kama kitanda cha mgeni.

"Shangazi, hiki nini?"

"Chandarua. Hujawahi kukiona?"

"Wamelala humu tangu lini?"

"Tangu mvua ianze. Mbu wa hapa wana adabu gani? Wanaliwa hawa, na wewe unakuja asubuhi tu na sindano zako. Nakitandua kukicha, kisichafuke."

Kaka alikaa juu ya ndoo. Kazi yote ya kuku wale ilikuwa kuumwa na mbu, na walikuwa wamelindwa kuliko wajukuu. Shangazi anasema alicheka kidogo, kisha akasema, "Umewalea vizuri, shangazi." Alimweleza yote. Akamwomba asimwambie mtu.

Kwenye kikao cha kituo alisimama akasema kuku walikuwa wamekingwa na mbu, taarifa yake si sahihi, ifutwe. Wakamuuliza nani aliwakinga. Akasema, "Banda ni langu." Wakamuuliza tena. Akasema, "Sikuwahi kwenda jioni, na mbu wanakula jioni. Andikeni hivyo." Wakamwondoa ukuu wa idara. Mtaani mkasema hakuwa akichukua damu yoyote, alikuwa akikaa ofisini akipika majibu. Kinyozi akamuuliza mbele ya wateja, "Mzee wa Kuku, leo umewapa wote mia kwa mia?" Alinyolewa, akaenda zake. Kwa mjane wa fundi matofali alikuwa akienda kila mwezi, akikaa kwenye benchi nje, mpaka miguu ilipomkatalia.

Hakuacha kazi. Alianza kuzungukia mabanda yote jioni, akirudi ameumwa mikono mpaka shingo. Mwaka 2011 kuku mmoja wa banda lilelile damu yake ikakumbuka. Safari ile dawa ilinyunyizwa mapema, na mtaa wa chini hakulazwa mtu. Hakuna aliyekuja kumshukuru. Mtu ambaye hakuugua atajuaje?

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Miaka miwili baadaye akawa wa kusafishwa damu kwa mashine, na ratiba ikaangukia Jumatatu na Alhamisi. Alimwambia muuguzi, "Leo kuku ni mimi, nipanguse vizuri." Tulipokezana kumpeleka na kumrudisha, na waliopokezana wanajijua. Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2024, asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono. Alikuwa amechoka sana, nasi tulikuwa tumechoka kumwona anachoka.

Juzi shangazi aliniita, akasema, "Akiwa hai nilimtii. Sasa hana la kunikataza. Ya chandarua yaandike, na useme ni mimi. Usiposema nitasimama mwenyewe, na unajua nikisimama sikai." Nimeandika. Ni mama mzee aliyewaonea kuku huruma, na kaka alikubali kuitwa mwongo kuliko mama huyo atazamwe vibaya na watoto wa fundi. Mtakaomtazama vibaya leo, mtakuwa mmeitupa kazi yake ya kumficha kwa miaka kumi na tano.

Mjane wa fundi matofali ameketi karibu na shangazi. Alikuja mwenyewe, akavuta kiti mwenyewe. Sikumpangia.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake wanne, shangazi yetu, na kuku sita walio bandani. Hao hawaliwi. Nimewaona waliokuwa wakiwapimapima kwa macho.

Mliosema alipika majibu, mmesikia. Mkitoka hapa lisemeni na hili, kwa sauti ileile.

Kaka yetu zamu yake imekwisha. Alale sasa, na chandarua chake.