Mama Tiktik na Swali la Mchimba Visima

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa vipimo katika kituo chetu cha kuhifadhi taka zenye mionzi atarudisha ufunguo wa ghala, kipima mionzi na buti zake, atie sahihi, kisha atoke getini akiwa mstaafu. Buti zenyewe, kusema kweli, watu wa stoo wameshasema hawazitaki. Yeye anashikilia kwamba bado zina maisha.

Hapa kazini tunamwita Mama, basi. Nje ya ukuta, mtaani, wakubwa kwa wadogo wanamwita Mama Tiktik kwa sababu ya sauti ya kile kipima anachotembea nacho: tik, kimya kidogo, tik tik, kimya. Hiyo ndiyo sauti ya siku njema. Udongo wenyewe una mionzi kidogo, na mawe, na hata hewa, kwa hiyo kipima hakinyamazi kabisa popote duniani. Mama ameyaeleza haya mara nyingi mno, hadi watoto wa mtaani wanayaimba wakiruka kamba.

Alipoajiriwa, kituo kilikuwa ghala moja lenye bati linalovuja, na mlinzi aliyelala mchana kweupe. Ndani kulikuwa na vitu ambavyo hospitali na viwanda vimemaliza kuvitumia na havitupwi jalalani: vichwa vya mashine za zamani za kutibia saratani, ambamo mionzi yenyewe hukaa, vifaa vya viwandani vya kupimia kwa mionzi, vyote vimerundikwa kama vyombo vya mtu anayehama. Mama ndiye aliyeshinda na mafundi juani hadi kila kitu kikaingia ndani ya chuma, chuma kikaingia ndani ya zege, na zege likakaa chini ya paa lisilovuja. Alikuwa mkali, tusidanganyane. Siku moja aliamuru pipa la zege, tena tupu, livunjwe limwagwe upya kwa sababu ya ufa mwembamba kama unywele. Fundi mwashi akalalamika kwamba hata nyumba yake mwenyewe hakuijenga kwa masharti hayo. Mama akamjibu kwamba nyumba yake hakuna anayeitegemea isimame miaka mia tatu.

Nyumbani nako hakukuwa rahisi. Mama mkwe wake alimwambia mwanawe waziwazi kwamba ameoa mwanamke anayeshinda na sumu, na kwa mwaka mzima akawa anasuuza upya kila chombo alichoosha mkwewe. Mama akavumilia. Siku moja, kwa ruhusa ya kituo, akaja na kipima nyumbani. Akapima sebule, jiko, na nguo zake mwenyewe za kazini. Tik, kimya, tik. Alipoingia chumbani kwa mama mkwe, kipima kikaanza kuruka kama bisi kwenye sufuria. Kumbe ni saa ya mezani ya marehemu baba mkwe, ile ya zamani ambayo mishale yake hung'aa gizani kwa kupakwa rangi yenye mionzi. Bibi wa watu ameiweka karibu na mto tangu ujana wake! Saa hiyo leo imo ghalani, na bibi, hadi Mungu alipomchukua, hakukosa kusimulia katika kila msiba jinsi mkwewe alivyomwokoa. Vyombo akaacha kusuuza.

Ningeweza kuendelea hivi hadi mwisho, tukacheka, tukala keki ya kumuaga, tukaondoka. Lakini sisi tuliokuwepo tunajua kwamba miaka yote thelathini na mmoja ya Mama inabebwa na jambo moja, na bila hilo wasifu huu hauna maana.

Nyumba ya nne kutoka kwenye ukuta wetu anaishi mchimba visima. Wakati ule alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kila mkutano wa mtaa alisimama na swali lile lile, na alimwuliza Mama peke yake: Wewe ukistaafu utakwenda zako, sisi na wajukuu wetu tutabaki na hayo mapipa. Siku kitu kikivuja, nani atatuambia ukweli? Wakubwa wetu walimjibu kwa hotuba. Ofisi yangu, ya habari na mahusiano, ilimjibu kwa vipeperushi vya rangi. Mama alisema tu kwamba swali ni la haki na kwamba yeye bado hana jibu. Loo, wakubwa walivyochukia!

Badala ya kujibu, akaanza kuzunguka. Kila Jumanne alikwenda kwenye visima vya mtaa kimoja baada ya kingine, akateka maji, akapima, akamwambia mwenye nyumba alichokiona. Jua, mvua, homa, alikwenda. Watu wakamzoea, wakaanza kumwekea kiti kivulini.

Halafu ukaja ule mkutano wa ukumbi wa shule. Tulitaka kujenga ghala la pili, na mtaa ulikuwa umekuja wote, nyuso zimekunjwa. Mama akaomba apite katikati ya mabenchi na kipima ili kila mtu ajisikilizie. Akapita. Tik, kimya, tik. Wazee wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Alipofika safu ya mwisho karibu na dirisha, kipima kikalia kwa mfululizo, kelele tupu. Mtu mmoja akapiga ukelele kwamba imevuja. Mabenchi yakapinduka, akina mama wakawabeba watoto juujuu, na kufumba na kufumbua ukumbi ulikuwa mtupu.

Mama hakukimbia. Alikuwa ameona kitu ambacho sisi hatukukiona: kelele za kipima zilipungua kadiri mtu mmoja alivyokuwa akitoka mlangoni. Mtu huyo alikuwa fundi cherehani wa mtaa, mjane mwenye watoto watatu, aliyekaa peke yake pembeni kabisa, amejizungushia skafu shingoni katika joto lile.

Hospitali ndizo wateja wetu, kwa hiyo Mama alielewa papo hapo. Wako wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingoni ambao baada ya upasuaji hunyweshwa dawa yenye mionzi. Dawa hukaa mwilini, hupungua siku hadi siku, huisha. Katika siku hizo mgonjwa huambiwa ajitenge kidogo na watu, zaidi watoto na wajawazito. Fundi cherehani alikuwa amewaaga majirani kwamba anakwenda kumwuguza dada yake. Aliporudi, aliogopa kwamba asipoonekana mkutanoni watu wataanza kuulizana, akaja akakaa mbali, akidhani inatosha.

Neno moja tu la Mama lingekisafisha kituo siku ile ile. Lakini nani angempelekea kitambaa mwanamke anayesemwa ana mionzi? Cherehani ile ndiyo iliyokuwa chakula cha nyumba, ada na kodi. Mama akasimama mlangoni pa ukumbi, akawaambia watu kwamba kilicholia hakikutoka ghalani, kwamba anajua kimetoka wapi, kwamba hakuna aliyedhurika pale na kitaisha chenyewe, na kwamba zaidi ya hapo si lake kusema. Akazomewa. Jioni akaingia kwa fundi kwa mlango wa uani, wakapanga watoto walale kwa shangazi yao hadi siku za hatari ziishe. Fundi alilia hadi kwikwi. Mama alimwambia apone kwanza, kulia kutafuata.

Kilichofuata kilikuwa kigumu. Watu waliziba geti letu kwa mawe. Lori lililobeba kichwa cha mashine kutoka hospitali likakwama barabarani, haliwezi kuingia wala kurudi, na mzigo wa namna ile hauachwi peke yake. Mama alikuwa ameshasimamishwa kazi za nje kwa kukataa kuwaeleza wakubwa, lakini alikwenda akakaa na dereva kando ya lori, na buti zake zile zile, hadi polisi wakapata njia. Tulimbembeleza, tukamgombeza. Mdomo umeshonwa. Hata mume wake hakuambiwa, na mzee huyo mpaka leo analitaja jambo hilo mezani kwa majivuno na kwa kinyongo kidogo.

Kilichomkata maini ni mchimba visima. Alisimama mbele ya mawe yale akasema kwa sauti yake ile: si niliwaambia? Siku imefika, na hawatuambii. Mama alimsikia. Nilimkuta baadaye kwenye chumba cha kubadilishia nguo ameketi kwenye benchi, glavu mkononi, analia kimya kimya. Alikuwa ametumia Jumanne za miaka kujenga imani ya mtu yule, na sasa anaiona inabomoka, na dawa ya kuiponya anayo mdomoni lakini si yake.

Wiki ya tatu mtaa ukakutana getini kudai kituo kifungwe. Fundi cherehani akapenya katikati ya watu hadi mbele. Akafungua skafu. Kovu lilikuwa bado jekundu. Akasema, "Kilicholia ni mimi," kisha akaeleza yote, tangu uvimbe hadi dawa, kwa pumzi moja. Alipomaliza, akamwomba Mama ampime hadharani. Tik, kimya, tik. Pale getini ilisikika hiyo tu.

Nilidhani mchimba visima ataomba radhi. Wapi! Alimtazama Mama akamwuliza: kama hili uliweza kulificha, tutajuaje kama lile jingine hulifichi? Mimi nilitaka kumrukia. Mama akasema hilo nalo ni swali la haki. "Ugonjwa wa mtu ni wake," akamwambia. "Maji yenu ni yenu." Akakivua kipima begani, akamvika mchimba visima.

Tangu siku ile Mama hajapima tena kisima cha mtu. Wakazi wanapima wenyewe kwa zamu, yeye anasimama pembeni na kufundisha, na namba zinaandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa duka, palipo na macho ya kila mtu. Ghala la pili lilijengwa, huku mchimba visima akikagua zege kana kwamba analipwa. Na fundi cherehani? Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Amesema niandike, tena nisithubutu kusahau kwamba amepona, na kwamba sare zetu zote anashona yeye, na kwamba mkuu wa kituo aache kunenepa.

Mwezi uliopita mchimba visima, sasa mzee, mgongo umepinda, alichimba kisima ambacho anaapa ni chake cha mwisho. Kiko kwenye kiwanja cha pili kutoka kwenye ukuta wetu. Kiwanja ni cha Mama. Nyumba imeshaezekwa.

Nilifurahi mno, nikataka hicho kiwe kichwa kikuu cha habari katika jarida hili: fundi mkuu ahamia jirani, usalama wathibitika. Mama akanikatalia katakata. Akasema nyumba yake haithibitishi kitu, kwani mtu anaweza kukosea akajenga juu ya kosa lake. Akaniagiza niandike jambo moja tu, kwamba kisima chake kiingizwe kwenye zamu ya Jumanne kama vya wenzake.

Mama, asante. Asante kwa zege, kwa ukali, kwa Jumanne zote, na kwa neno ulilolimeza wakati kulitema kungekuwa rahisi. Mapipa yatabaki hapa tutakapokuwa sote tumeondoka, na lile swali la mchimba visima sasa umelileta upande wetu: siku kitu kikivuja, nani atakuambia ukweli? Ni sisi, Mama. Kipima kikilia kisimani kwako, utaambiwa wewe kwanza, kabla ya mkubwa yeyote. Tukikuombea maisha marefu yenye afya karibu na ukuta huu, ujue tumejipa na kazi ya kuyalinda.

Pumzika sasa, jirani. Jumanne tutapiga hodi.