Ufunguo wa Maktaba

Basi lilipokata kona ya hospitali, fundi vitasa aliwasikia wanawake wawili waliokaa nyuma yake wakibishana kuhusu maktaba ya shule.

"Dada, mfadhili aliyeijenga alifariki miaka mitatu iliyopita," alisema mwalimu. "Alikuwa anakuja kila likizo, anafungua, watoto wanasoma wiki mbili, kisha anafunga na kuondoka na ufunguo."

Mama mwenye mtoto shuleni hapo alishika kichwa. "Miaka mitatu! Nanyi mmekaa tu? Si mngevunja mlango, mwalimu?"

"Mali ya marehemu hiyo! Kamati ya shule inasubiri wanawe waandike barua ya ruhusa." Kwa kusubiri, kamati ile haina mpinzani.

"Waandike nini, jamani? Mwanangu yuko darasa la sita, hajawahi kushika kitabu cha hadithi!"

"Usinifokee mimi. Juzi mchwa wametoka chini ya mlango."

Basi likasimama. Wanawake wakashuka, bado wanabishana.

Fundi aliwafuata kwa macho. Kitasa cha mlango ule alikiweka yeye. Mfadhili alimwagiza ufunguo mmoja tu, naye, kwa mazoea ya kazi, akachonga wa pili. Miaka yote hiyo ulining'inia msumarini dukani kwake, naye akingoja mtu aje auulizie.