Zoezi la Pembe Nne

Pale Madibira, mkabala na mashine ya kukoboa mpunga, kuna gogo lililolainishwa na makalio ya watu. Hakuna anayelizoea gogo lile bila kupewa jina la utani. Sifaeli, anayefungulia maji mifereji ya skimu ya umwagiliaji, ni Injinia. Saulo, anayetunza jezi za timu chini ya kitanda chake, ni Fifa. Bupe muuza kahawa ni Petroli, maana bila yeye hakuna anayewaka. Jioni ile Didas, kocha wa timu ya kijiji, alikaa katikati yao, kikombe mkononi, mpira chini ya gogo, mawazo uwanjani. Jumamosi walikuwa wanacheza na Igowole, na kamati ilishamwambia waziwazi: akifungwa tena, timu anapewa mwingine.

Shida yake ilikuwa muda. Vijana walitoka kwenye majaruba ya mpunga jua likielekea kuzama. Ukisema leo pasi, kesho kutuliza, msimu unakwisha hamjafika kwenye kufunga. Kwa hiyo alibuni zoezi moja la kubeba yote: matofali manne, pembe nne, mpira mmoja. Unapokea, unatuliza, unageuka, unamwita mwenzako, unampa, kisha unakimbilia pembe yake. Miguu ilishaelewa. Midomo ndiyo iliyokataa. Mtu anapiga kimya, au anasema "oya", wanageuka watatu, wanagongana, mpira unaenda zake kwa mbuzi.

— Mshika mbili moja humponyoka, Fifa alisema. Wewe umewashikisha sita.

— Methali hiyo ni ya mikono, Injinia akamjibu. Mpira ni miguu.

Didas akacheka kidogo, halafu akauliza kilichomleta: kwa nini hawaitani? Wakipumzika soga haziishi, kundi hili huku, kundi lile kule. Wakiingia kwenye pembe nne, wanakuwa mabubu.

Injinia aliona ni suala la mkondo. Mtu aliyeinama kutwa kwenye mpunga, sauti yake imelala mgongoni, na haitoki kwa kuamrishwa. Inafunguliwa taratibu, kama lango la mfereji.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alimalizia. Ndiyo maana nasema pasi iwe ya chini.

Fifa hakukubali. Yeye alitaka zoezi lote lihamie ndani ya jaruba lenye maji.

— Samaki mkunje angali mbichi. Waloweshwe kwanza.

— Si watanasa kwenye tope? Didas akauliza.

— Ndiyo wanase. Akipiga pasi topeni, amejenga paja, pumzi na subira kwa mkupuo mmoja. Na akinasa, ataita tu.

Petroli, aliyekuwa akipuliza makaa, akaja na lake. Mpunga ukianza kuiva, alisema, waamia ndege hupiga madebe kuwafukuza, na ukisimama mbali unajua debe la nani linalia. Basi kila mchezaji afungwe debe kiunoni, mwenzake amjue kwa mlio. Fifa akataka kujua kama refa ataruhusu. Petroli akasema sheria zinazungumzia viatu, debe hazijalitaja.

Walicheka, ila Didas hakucheka sana. Kumjua mtu kwa mlio wake. Kitu fulani kilimgusa hapo, akashindwa kukishika.

Wakati huo Minza alikuwa amefika na ndoo ya maziwa, mama mmoja wa jamii ya wafugaji wa kule bondeni. Aliwaamkia, wakamsogezea nafasi kwenye gogo. Alisikiliza mpaka kicheko kikaisha.

— Kocha, winga wenu wa kushoto ni mwanangu.

— Karibu sana, mama. Yule kijana anaujua mpira.

— Nashukuru. Mkiwa uwanjani, mnamwita nani?

Didas akaweka kikombe chini. Alimjua kwa mguu, kwa bega, kwa namna anavyoinamisha kichwa kabla ya kukata ndani. Siku ya mechi alimwita Kumi na Moja. Mazoezini, jezi zikiwa chini ya kitanda cha Fifa, alimnyooshea kidole. Na wale wenzake wanne waliojiunga na timu pamoja naye kutoka bondeni baada ya mavuno yaliyopita? Kila mmoja aliitwa "mfugaji". Akamtazama Fifa. Fifa akamtazama Injinia. Injinia akatazama ndani ya kikombe chake, kana kwamba jibu limezama humo. Gogo zima la wagawa majina, na hakuna aliyelijua jina la kijana huyo.

— Mama, Didas alisema taratibu, anaitwa nani?

Minza akasimama, akajitwika ndoo yake.

— Nimempita uwanjani, anasubiri mazoezi. Kamuulize mwenyewe.

Didas akainuka, akaelekea uwanjani. Mpira aliuacha chini ya gogo, kando ya kahawa ambayo hakuimaliza.