Kijiko cha Mahfudha

Baraza ya Seif, mtaa wa Shela, Malindi, ina dirisha moja tu juu yake, na nyuma ya dirisha hilo, alasiri ile, alikuwa ameketi bintiye Mahfudha, masikio yamemsimama. Chuo Kikuu kilikuwa kimefungwa miezi mitatu kwa ghasia, na sasa kinafunguliwa. Kila mwanafunzi arudi Jumatatu na fomu yenye saini ya mzazi. Fomu ya Mahfudha, mwaka wa kwanza, ilikuwa siku ya nne chini ya sahani ya tende pale barazani, kwa sababu babake hakujua kama kumrudisha huko bara ni kumsomesha au ni kumpoteza. Wa kumsaidia kuamua walikuwa wawili: Hakimu, aliyefagia mahakama miaka kumi na minane akatoka na sheria zote, na Bibisii, asiyeachana na redio yake hata akienda msalani. Abdalla muuza kahawa alikuwa amewasimamia na dele lake, akivigonganisha vikombe.

Tatizo lilikuwa kijiko. Jumapili, harusini kwa shangazi yake, sinia la pilau lilipotuliwa mbele ya wanawake sita, Mahfudha alifungua mkoba, akatoa kijiko cha chuma, akaanza kula. Wala hakujijua. Habari ilifika barazani kabla pilau haijapoa.

— Mtu hatembei na kijiko bure, alisema Hakimu. Hiyo ni ishara. Kule mahakamani tuliwaona wengi.

— Wengi wenye vijiko? aliuliza Seif.

— Wenye ishara.

Ushahidi: sifuri, alisema Mahfudha moyoni. Vijiko vya bwalo la chakula chuoni viliisha wiki ya pili. Asiye na chake alikula wali kwa kifuniko cha chupa ya kahawa, kama alivyokula yeye, mpaka Sidi wa Magarini, mwenzake wa chumbani, akamnunulia kimoja na kumwambia alale nacho.

— Mimi nitakwambia, alisema Bibisii. Kabla ya chuo si walipelekwa kambini, wakavalishwa viatu vya jeshi, wakapigishwa kwata? Na nani atembeaye na kijiko chake? Askari! Bwana Seif, una koplo humo ndani.

— Koplo gani aripotiye kwa chifu kila Jumatatu? alipinga Hakimu.

— Ndiyo hiyo ripoti yenyewe!

Wanafunzi wote waliamriwa kuripoti kwa chifu chuo kilipofungwa, na redio ya huyo huyo Bibisii ndiyo iliyotangaza. Mahfudha aliuma upindo wa leso yake.

— Ameolewa, alikata Hakimu. Kisirisiri.

— Na nani? Seif aliruka.

— Na mtu wa kijiko.

Seif alishusha sauti.

— Kuna jingine sikuwaambia. Juzi nilimkuta mlangoni mwa jikoni, kasimama na sahani, peke yake. Nikamuuliza, wangoja nini? Akanijibu, foleni. Foleni, na jikoni hamna mtu!

Abdalla aliacha kugonganisha vikombe.

— Watu wamo, alisema Bibisii polepole. Wewe ndiwe usiyewaona.

— Audhubillahi!

— Huko bara kuna baridi, na majini hupenda baridi. Wamepanga foleni jikoni mwako, Seif, na mwanao ameshika namba.

Hapo Mahfudha alisimama. Huyu ndiye aliyekaa miezi miwili kwenye ukumbi wa watu mia tatu bila kufungua kinywa, akilia bafuni na bomba limefunguliwa asisikike. Na huyu ndiye, muhula uliofuata, aliyemkalisha chini kwa hoja mtu wa mwaka wa nne, kwa dakika tatu tu, mbele ya chama cha mdahalo. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo la mlango. Lakini akitoka kuwabwatukia wazee, fomu italiwa pamoja na tende. Akakaa.

Hapo akafika Mwambire wa Kakuyuni, vumbi mpaka magotini, aliyekuwa akimtafuta bwana mifugo tangu asubuhi asimpate. Wakampa nafasi, wakampa kikombe, wakampa kisa chote, na majini juu.

— Pole, alisema Mwambire. Na huyo msichana anasomea nini?

— Yuko Chuo Kikuu, alijibu Seif.

— Naam. Lakini anasomea nini?

— Digrii.

— Digrii ya nini?

Hakimu aliikagua fimbo yake. Bibisii alifungua redio, nayo haikuwa na betri. Abdalla alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Seif aliinuka, akaingia ndani.

— Mahfudha.

— Labeka, baba.

— Mwanangu, unasomea nini?

Alikuwa na hotuba nzima ya mwaka mzima. Yakamtoka maneno matatu.

— Udaktari wa mifugo.

— Mbona hukuniambia?

— Hukuniuliza, baba.

Seif akatoka.

— Daktari wa mifugo, aliwaambia.

Hakimu akapiga paja.

— Si nilisema? Ng'ombe hunyweshwa dawa kwa nini, kwa kiganja? Kwa kijiko!

— Na foleni? aliuliza Seif.

— Ng'ombe huingiaje joshoni? Mmoja mmoja, wamepanga mstari! Mtoto anafanya mazoezi.

— Na chifu, alidakia Bibisii, si ana ng'ombe kumi na wawili?

Mahfudha alikuwa na majibu ya hoja zote tatu, na ya kuwakalisha. Kisha akasikia sahani ya tende ikisogezwa, na kalamu ikikwaruza. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na mdahalo, aliacha hoja mbovu ishinde.

— Wangu mmoja hali majani tangu juzi, alisema Mwambire.

Mwaka wa kwanza ni kemia na mifupa. Ng'ombe pekee ambaye Mahfudha amekwisha kumsoma ni wa mchoro.

— Mahfudha! aliita babake, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Jitande utoke, kuna mgonjwa wako huku. Na uje na kijiko chako!