Kanyanga ya Mashine

Ambargo ya nchi jirani ilikuwa imekaza, na mazutu ya kuendeshea mashine imebaki hadithi mjini Rumonge. Milimani kulikuwa na vita, barabarani wenye bunduki walivizia magari, na boti ya fundi Hamissi, iliyozoea kubeba wasafiri ziwani hadi Kabonga, ilikuwa imelala mchangani. Kila asubuhi Hamissi alikaa kwenye benchi la kahawa la mama Esha akiitazama. Wenzake walikuwa Jephté, fundi wa kupaka chokaa aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, na mzee Karimu, aliyeitwa Waziri kwa kuwa aliwahi kulinda lango la waziri. Asubuhi hiyo Hamissi alifika na ndoo, akaiweka chini kwa hasira.

— Iko mazutu? Redio aliuliza.

— Iko sabuni. Nimechanganya mawese, soda ya sabuni na kanyanga, ile pombe kali anayopika Mwavita. Nilitaka mafuta.

— Si mbaya! Boti itafika Kabonga imeoga.

— Mawese peke yake ingetosha, alisema Waziri.

— Nilijaribu, mze. Iliganda, ikaziba mashine. Inatakiwa pombe, ndio mawese iwe nyepesi.

— Pombe! Na wewe muislamu?

— Mimi siinywi, mze. Inayokunywa ni mashine, na mashine haiswali.

Waziri akakohoa, akainua kikombe.

— Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maana yake, usisifu boti kabla ya kuipanda.

— Nani anasema natia maji?

Alikuwa Mwavita mwenyewe, mama wa kutoka Uvira, akipita na dumu lake kichwani. Waziri aliinama ghafla kutafuta kiatu. Lakini Hamissi alikuwa ameshasimama.

— Hapana, mama, hujatia. Lakini iko nayo! Kanyanga yoyote iko na maji ndani. Ndio yaliyoleta sabuni. Unaweza kuipika tena, halafu tena?

— Naweza. Lakini maji haiishi yote, mwanangu.

— Ipe chokaa! alidakia Redio. Ile mbichi, haijazimwa. Mimi naijua, hakuna mlevi wa maji kama chokaa.

Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

— Hiyo iko akili, alisema Mwavita.

Hapo benchi likawaka. Redio akasema watapika ya ndizi, ya mihogo, hata ya maganda ya nanasi, mpaka ndege zitue sokoni kuomba kidogo. Waziri akasema nchi zote zilizowafungia mipaka zitakuja kupiga magoti.

— Na sisi tutawawekea ambargo! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Kisha Redio akanyamaza, jambo ambalo Hamissi hakuwahi kuliona.

— Yaya yangu, yule mkubwa wangu, angepata boti, alisema polepole, asingepita barabarani, wasingemuua.

Mama Esha akamjazia kikombe bila kuulizwa. Hamissi alitazama mikono yake. Yeye ndiye aliyemwambia ndugu huyo wa Redio kwamba mazutu hakuna.

Mwavita alipika, akapika tena. Redio akaleta chokaa, ikachemka ndani ya kanyanga ikinywa maji. Hamissi akachanganya upya na kusubiri. Safari hii ute mzito ulishuka chini, na juu yakabaki mafuta mepesi, ya rangi ya chai. Waliisukuma boti majini, akayatia kwenye mashine, akasema bismillahi, akavuta kamba. Mashine ikakohoa. Akavuta tena. Ikanguruma, na moshi wake ukanukia maandazi.

Soko zima lilikimbilia ufukweni. Mwavita alipiga vigelegele, na Waziri tayari alikuwa anawaeleza watu jinsi alivyovumbua kitu hicho.

Mwanamke mmoja mgeni akapenya katikati yao, mtoto mgongoni, kifurushi mkononi.

— Amahoro. Mimi naitwa Asiya, mama yangu iko Kabonga. Boti inaondoka saa ngapi?

Waziri akamtazama Mwavita. Mwavita akamtazama Hamissi. Ilikuwa imepita miaka tangu swali hilo liulizwe pale, na Hamissi alikuwa amewaza kuiwasha mashine tu, si kusafiri.

Redio alikuwa ameshaingia majini hadi magotini, kando ya boti. Akanyoosha mikono.

— Leta mutoto, dada.