Maji Katika Swali la Tano

CHOMBA: Haloo? Nani pale?

KAPYA: Saa ine na nusu ya asubui, citoyen Chomba. Karatasi yako ya ekzame, mutihani wa Kingereza, iko mbele yangu.

CHOMBA: Mwalimu Kapya! Yambo sana! Sema mbio, simu ni ya chef wa atelier, mukubwa wa karakana. Kazi ya mukalimani iko yangu ao hapana?

KAPYA: Maswali yote muzuri, inabakia moja—

CHOMBA: Kumbe! Nitamwambia bibi afunge mizigo, Sakania, kule ku mupaka, inatungoja—

KAPYA: Inabakia la tano.

CHOMBA: La tano? Ile ya kujaza mapengo: Chama, pengo, mayi mu kambi, pengo, 1969? Niliandika "brought", kisha "in". Weye mwenyewe ulitufundisha: mwaka umepita, kitendo nacho kimepita.

KAPYA: [anakohoa] Nilifundisha, ndiyo. Lakini ukisema "ilileta", muntu anaweza kuwaza kama Chama ilileta, kisha ikaacha.

CHOMBA: [anacheka] Na iliacha! Pompi ilikufa mwezi wa munane, banamuke banateka mayi ku—

KAPYA: Chomba.

CHOMBA: —ku mutoni, na ndoo ku kichwa, sawa zamani za Babele—

KAPYA: Chomba! Citoyen Kunda, katibu wa Chama, iko hapa pembeni yangu. Anasikia. Anakusalimia.

[Waya unakwaruza.]

CHOMBA: Mayi iko mingi, mwalimu.

KAPYA: Sawa.

CHOMBA: Leo nilioga mara mbili. Andika "brings". Inaleta.

KAPYA: "Inaleta mwaka 1969"? Hiyo ni kosa. Mu klasi ningekukatia alama.

CHOMBA: Citoyen Kapya, andika. Niko na batoto.

[Kalamu inasikika ikiandika.]

KAPYA: Nimeandika. Citoyen Kunda anauliza, hiyo "in" ni nini?

CHOMBA: Ni... ndani ya mwaka ule.

KAPYA: Anasema mwaka moja haitoshi. Anataka "since". Tangu 1969. Mu Kifaransa inapita muzuri, anasema.

CHOMBA: "Since" ni muzuri kabisa! Umupe asante yangu.

KAPYA: Alama zote. Uko wa kwanza. Anatia sahihi... Anatoka. Amebeba karatasi za benzako.

CHOMBA: Za nini? Nabo baliandika "brought"?

KAPYA: Bote. Nilibafundisha muzuri.

CHOMBA: Mwalimu... na weye, sasa—

KAPYA: Anarudi. Anauliza nani alibafundisha bote vile. Ananiita. Bakia muzu—

[Waya unakatika.]